Mshiriki wa Kumi na Tatu

Watoto walimwita Bi Daftari, na jina hilo halikumkera. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mkavu kama ufito, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa chumba na kuandika yale ambayo watoto wanayafanya. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alieleza kwamba anatafiti jinsi watoto wanavyojifunza wanapobuni vitu vya mikono vyenye programu ya kompyuta ndani yake. Muulizaji aliitikia kwa heshima, kisha akauliza, "Sawa, lakini kazi yako hasa ni nini?"

Zamani kazi hiyo isingekuwapo. Mtoto alijitengenezea gari la waya uani, akalitia magurudumu ya vizibo vya chupa, likapinda mbele, akalifumua na kulisuka upya mpaka likaenda sawa, na hakuna mtu mzima aliyekaa kitini kumwandika. Akiwa ametumia waya wa kuanikia nguo alichapwa, na hapo pia alijifunza jambo. Siku hizi waya hazipo, na uani penyewe pamejengwa chumba cha kupangisha. Mtoto anazaliwa akikuta kila kitu kimekwisha tengenezwa na mtu asiyemjua, kazi yake ni kukivunja na kudai kingine. Ndipo wasomi wakagundua kwamba mtoto akitumia mikono yake akili humfunguka. Wakalipa jambo hilo jina refu, wakaliitia mkutano.

Bi Daftari alikuwa ameyasikia maneno ya namna hii tangu utotoni, kwa mjomba wake, fundi cherehani. Mama yake alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na mjomba ndiye aliyemchukua. Alifanya hesabu zake za shule chini ya meza ya kukatia nguo, vipande vya vitambaa vikimwangukia kichwani. Sare yake ya shule ilikuwa na pindo la vidole vinne, likafunguliwa kidole kimoja kila mwaka, kwa hiyo sketi ya darasa la tano ndiyo iliyomfikisha darasa la nane. Wenzake walimcheka kwa mistari ya pindo la zamani. Mjomba akamwambia, "Waache wacheke. Nguo zao zitachanika kabla ya vicheko vyao kuisha." Na kweli zilichanika.

Alifundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, akarudi chuoni kusomea utafiti, na sasa alikuwa amepewa chumba nyuma ya shule moja, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na meza sita, kompyuta sita zilizokwisha tumiwa na ofisi fulani, soketi moja yenye waya mrefu uliogawanya umeme, na dirisha moja lililozibwa kwa ubao. Watoto kumi na wawili, wa miaka kumi hadi kumi na miwili, walikuja Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Kila mmoja alipewa kipande cha kitambaa, taa tano ndogo kama punje za dengu, kibao cha mviringo chenye akili ya kompyuta, kisichozidi kifuniko cha chupa ya maji kwa upana, na betri bapa kama kifungo cha koti. Walipewa pia uzi wa kijivu uliosokotwa kwa chuma laini. Uzi ule ulishonwa kama uzi wowote, ila umeme ulipita ndani yake. Mtoto alichora anachotaka, akashona taa kwa uzi huo, kisha akapanga amri kwenye kompyuta kuziambia taa ziwake lini na zizimike lini.

Bi Daftari alikuwa na sheria moja, nayo aliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: asiguse kazi ya mtoto, wala asimwambie kosa lake liko wapi. Alikuwa anatafuta kujua mtoto hufanya nini anapokwama. Ukimkwamua, umejifunza tu kwamba wewe unajua kukwamua.

Siku ya kwanza walikwama kabla hata ya kuanza. Kati ya watoto kumi na wawili, kumi hawakuwahi kushika sindano. Mmoja aliilamba sindano badala ya uzi. Mwingine alifunga fundo kubwa kama maharage, likapita katikati ya kitambaa na kutoa tundu. Vidole vilivyokimbia juu ya kioo cha simu kama panya kwenye dari vilishindwa na tundu la sindano. Bi Daftari aliandika hayo yote, kisha jioni akaenda dukani kwa mjomba.

Duka lilikuwa palepale pa siku zote, lakini kazi zilikuwa zimebadilika. Watu hawakuja tena kupimwa. Walileta suruali za mitumba zipunguzwe miguu na mabegi yabadilishwe zipu. Fundi aliyewahi kushona suti ya harusi kwa kumtazama bwana harusi akipita barabarani sasa alishinda akigombana na zipu. Mpwa wake alimwambia kuna watoto hawajui kushika sindano, wanamhitaji. Mzee hakuuliza swali. Alhamisi alifika amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, subana yake ya chuma ya kusukumia sindano kidoleni.

Watoto walimpenda siku hiyo hiyo. Alikuwa na ulimi mkali usioumiza. "Huu ni mshono, mjukuu wangu, au kuku amepita?" Mtoto alicheka, akafumua, akaanza tena. Baada ya majuma mawili mishono ilikaa sawasawa kama meno ya kitana. Alikuwa na sheria yake naye, na aliirudia mpaka watoto wakaiimba: uzi haukatwi njiani. Ukianza umeanza, unakwenda mpaka mwisho, ndipo unafunga na kukata.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na Bi Daftari aliliona Alhamisi ile ile ya kwanza. Kila taa ilikuwa na matundu mawili, moja la umeme kuingia na moja la umeme kutoka. Ili taa iwake, uzi uishie tundu la kuingilia, ukatwe, kisha uzi mwingine uanzie tundu la kutokea. Uzi ukipita moja kwa moja chini ya taa, umeme hauna haja ya kuingia ndani ya taa. Unapita njia ya mkato na kurudi kwenye betri. Inapiga shoti. Taa haiwaki, na betri inapata joto mpaka inakufa. Mzee alikuwa anawafundisha watoto kumi na wawili, kwa ustadi wa miaka hamsini, kushona mishono mizuri isiyoweza kuwasha taa hata moja.

Alitaka kumwambia. Sheria ya daftari ilimkataza. Na kama sheria ya daftari isingekuwapo, ilikuwapo nyingine ya zamani zaidi: mtu hamsahihishi mjomba wake mbele ya watoto. Akakaa kitini, akaandika tarehe, na chini yake: "Fundi amefundisha uzi usikatwe. Tuone."

Majuma yakapita na taa hazikuwaka. Watoto hawakuushuku uzi. Kwao kosa liliishi ndani ya kompyuta, kama jinni kwenye chupa. Walikaa mbele ya kioo wakibadilisha amri: washa kwanza, subiri kidogo, washa tena. Mtoto mmoja aliandika amri ya kuwasha taa mara mia tatu mfululizo, akidhani ile amri ya kwanza haikusikika. Mzee kwa upande wake hakuushuku mshono, maana ulikuwa mzuri, na maishani mwake mshono mzuri haukuwahi kumdanganya. Alizitazama taa kwa dharau na kusema ni bidhaa za siku hizi, zinatoka kiwandani zikiwa zimekufa. Daftari lilijaa. Bi Daftari hakuwahi kukusanya kurasa nzuri kama zile.

Juma la tano msimamizi wake alikuja kutoka chuoni, kijana mwenye miwani myembamba aliyekuwa darasa la tatu wakati Bi Daftari anaanza kufundisha. Alipita meza kwa meza, akabonyeza vibao, hakuna kilichowaka. Alimwita nje. Alisema kwa adabu kwamba shule inakidai chumba kwa masomo ya ziada ya mitihani, na yeye hana la kuwaambia. Alitaka ripoti mwisho wa muhula. Iwe na kitu cha kuonyesha, la sivyo utafiti unaishia mwaka huu na chumba kinarudishwa.

"Mama, kwa nini usiwaambie tu?" aliuliza.

"Nikiwaambia sina utafiti," alijibu. "Nina taa."

Aliyeifumbua siri alikuwa msichana waliyemwita Wakili, kwa sababu hakukubali kushindwa hoja hata na mwalimu mkuu. Wakili alikuwa ameshona nyumba yenye madirisha matano, kila dirisha taa. Jumanne ya juma la sita alivuta uzi kwa hasira, ukakatika chini ya dirisha la tano, kati ya matundu mawili ya taa. Akajua kazi ya majuma yote imeharibika. Ndipo dirisha likawaka.

Hakupiga kelele. Alitazama. Kisha akachukua sindano, akailaza juu ya matundu yote mawili. Taa ikazimika. Akaiinua. Ikawaka. Akailaza tena, akainua tena, mara sita, na Bi Daftari aliandika mara zote sita. Wakili aliazima mkasi, akakata uzi chini ya dirisha la nne. Likawaka nalo. Kufikia hapo watoto wote walikuwa wamemzunguka, na mzee amesimama nyuma yao.

"Babu," Wakili alisema, bila ujeuri, kama anavyosema mtu aliyeshika ushahidi, "uzi wako ndio unaozima taa."

Mzee aliomba aonyeshwe. Alionyeshwa. Aliomba sindano, akailaza na kuinua mwenyewe. Alivaa miwani na kuitazama taa kwa karibu, matundu mawili, alama ndogo ya kujumlisha pembeni mwa moja na ya kutoa pembeni mwa lingine. Alama hizo zilikuwapo tangu siku ya kwanza, lakini nani angedhani ni za kusoma. Watoto walimsubiri acheke. Akacheka kidogo, akampapasa Wakili kichwani, akamwambia amekuwa fundi. Watoto wakatawanyika wakipigania mikasi.

Kisha mzee alimgeukia mpwa wake kitini.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mjomba."

"Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Tangu siku ya kwanza."

Mzee alivua subana, akaitia mfukoni. Alikunja miwani. Alisema ana suruali za watu zinamsubiri, akatoka, na kwa kuwa mlango ule ulikuwa haushiki vizuri, alirudi kuufunga taratibu. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Kufikia mwisho wa muhula kazi tisa kati ya kumi na mbili ziliwaka. Lakini Bi Daftari alijua kwamba taa za kazi tisa si kitu. Duka lolote lina taa nyingi kuliko hizo. Jambo lililofaa kusomwa na watu wengine lilikuwa lile la katikati: watoto walipofundishwa mshono na mtu wanayemheshimu, walitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye mshono, majuma matano, mpaka uzi ulipokatika mikononi mwa mtoto mwenye tabia ya kubisha. Aliandika kurasa ishirini kwa siku nne. Zilikuwa kurasa bora kuliko zote alizowahi kuandika, na kila ukurasa ulikuwa na fundi ndani yake.

Msimamizi alizisoma, akazisifu, akasema hizi zinatosha kuombea mwaka wa pili. Kisha akaulizia fomu.

Kila mtoto alikuwa na fomu ya ridhaa iliyotiwa saini na mzazi. Zilikuwa kumi na mbili, kwenye bahasha. Ya fundi haikuwapo. Bi Daftari alieleza kwamba fundi alikuja kufundisha tu, hakuwa akitafitiwa. Msimamizi alimfungulia kurasa zake mwenyewe na kumwonyesha: mshiriki wa kumi na tatu amesema hivi, mshiriki wa kumi na tatu amekataa vile. Bi Daftari alikuwa amempa fundi namba bila kumwomba ruhusa. Bila saini, fundi anafutwa ripotini, na akifutwa yeye hakuna kinachobaki isipokuwa taa za kazi tisa.

Alikaa na fomu ile siku mbili. Jumamosi akaenda dukani.

Mzee alikuwa akishona kola. Aliitikia shikamoo yake kama anavyoitikia ya mteja, akamwonyesha kigoda. Bi Daftari alisema alichofuata, moja kwa moja, maana mtu huyo alimlea na angejua akizunguka. Alisema bila saini yake chumba kinarudishwa. Mzee aliipokea karatasi. Hakuwa amesoma sana shuleni, alijifunza kusoma mwenyewe kwa magazeti ya kufungia nguo za wateja, naye alisoma kama anavyoshona, bila kuruka. Watu wa siku hizi wanatia saini karatasi kama wanaofukuza nzi. Yeye aliimaliza, akaigeuza kuona nyuma, akaanza upya.

"Hapa wameandika naweza kukataa na sitaulizwa sababu."

"Ndiyo, mjomba."

"Wale watoto, wazazi wao waliletewa hii kabla au baada?"

"Kabla."

"Hm." Akatia uzi kwenye sindano, ingawa hapakuwa na haja. "Kukosea si neno. Nimeshakata makoti ya watu mkono mmoja mfupi, nikalipa kitambaa, nikaendelea kuishi. Umekaa pale, majuma sita, unanitazama nawapoteza watoto, na jioni unakuja kunisalimia, unakula mezani kwangu. Ulikuwa unasikiaje?"

Bi Daftari alisema kwamba mwanzoni aliona aibu, kisha akazoea, na baadaye akafurahi kwa sababu kurasa zilikuwa nzuri. Hakulipamba jibu lake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile sura ya mzee ililegea.

"Angalau hujanidanganya. Nisomee uliyoyaandika."

Alisoma. Mteja mmoja aliingia na zipu, akaambiwa arudi baadaye. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, akacheka mahali pa mtoto aliyeiamuru taa iwake mara mia tatu. Kila aliposikia mshiriki wa kumi na tatu alikunja uso, mpaka akainua mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mjomba. Utafiti hauweki majina."

"Jina sitaki. Lakini mimi si namba. Nimekosea nikiwa fundi, niandike fundi." Halafu akasema, "Na hujaandika kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini uzi haukatwi. Umeandika nimefundisha hivyo, mtu atakayesoma atadhani ni ubishi wa mzee. Kila ukikata umeacha ncha, na kila ncha ni mlango. Nguo haichaniki katikati ya mshono, inafumukia kwenye ncha. Ile sketi yako ilikaa miaka minne, kamba moja ya uzi kiuno kizima. Hukuwahi kujiuliza?"

Hakuwahi. Mtu aliyelipwa kujiuliza alikuwa ameishi ndani ya jambo hilo utoto wake wote na hakuliuliza. Alitoa kalamu. Mzee akamnyang'anya, akageuza fomu, akaandika sababu hiyo mwenyewe nyuma, kwa herufi kubwa zilizonyooka, mistari mitano. Kisha akageuza mbele na kutia saini.

Msimamizi alisema maelezo yale ya nyuma hayahusiani na mada na yaondolewe. Bi Daftari alisema ama yabaki ama ripoti isiende. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua. Yakabaki, kwa maandishi madogo mwishoni. Namba kumi na tatu ikafutwa kila mahali na neno fundi likawekwa. Chumba kilipewa mwaka wa pili.

Alikwenda kumwomba mjomba arudi, safari hii na fomu mkononi kabla ya neno lolote. Mzee alikataa. Hakuwa na kinyongo, alisema, ila amechoka kutazamwa. Watoto wa mwaka wa pili walijifunza kushona kwa kuangalia video. Walishona kama watu wanaokimbia mvua, wakakata uzi kila walipojisikia, taa zikawaka siku ya tatu. Wageni walipiga picha. Baada ya mwezi ncha zilianza kuachia, taa zikaning'inia, na Bi Daftari akaandika hilo nalo, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Lakini Jumamosi asubuhi hakuandika. Alikwenda dukani bila daftari, akakaa kwenye kigoda, akapewa kipande cha kitambaa na kazi ya kutia matundu ya vifungo, jambo alilokwepa tangu akiwa na miaka tisa. Alishona tundu la kwanza kwa nusu saa, akalinyoosha mbele ya mjomba. Mzee alilitazama juu ya miwani, akamrudishia.

"Fumua."

"Kosa liko wapi, mjomba?"

Mzee alikuwa ameshainamia kola yake.

"Tafuta," alisema.